Jina Bila Daftari

Mwaka 1999, mpenzi wa michezo ya kompyuta ya mikakati aliyepita madukani Marekani aliweza kukuta masanduku matatu ya mchezo wa aina moja. La kwanza Civilization: Call to Power, la kampuni ya Activision. La pili Civilization: Test of Time, la MicroProse. La tatu liliitwa Sid Meier's Alpha Centauri, kazi ya kampuni changa iitwayo Firaxis. Mawili ya mwanzo yalitembea na jina Civilization kifua mbele, na Sid Meier, mtu aliyeuumba mchezo huo ukapendwa duniani kote, hakuwa na mkono katika lolote kati ya hayo mawili. Kazi ya kampuni yake ilikuwa ndani ya sanduku la tatu, na sanduku hilo halikuwa na haki ya kuandikwa Civilization.

Hadithi hii nawasimulia hasa vijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Unguja na Kampala wanaojenga michezo yao wenyewe, na zaidi wale waliojitosa katika bunilizi ya kisayansi: sayari za kuteka, madini ya kuchimba, majeshi ya angani ya kupanga kwa akili ya jemadari. Kazi ikikaribia kukamilika, huketi wakatafuta jina. Mmoja anataka lenye nyota, mwingine lenye dola, mwingine anataka la Kiswahili lenye mshindo. Wanabishana kama linatamkika, kama litapendeza kwenye nembo, kama mtu akilitafuta kwenye simu atalipata. Maswali hayo yana haki yake. Lakini liko moja linaloyatangulia yote, nalo huulizwa mwisho au haliulizwi kabisa: siku mtakapoachana, jina litaondoka na nani?

Jina Civilization lilikuwa na mwenyewe kabla Meier hajaandika mstari wa kwanza wa programu. Mwaka 1980 Mwingereza Francis Tresham alitoa mchezo wa mezani wenye jina hilo kupitia kampuni yake, Hartland Trefoil, na huko Marekani ukauzwa na Avalon Hill. MicroProse, kampuni aliyoianzisha Meier pamoja na mwenzake, ilipotaka kuutoa mchezo wake wa kompyuta mwaka 1991, ilikwenda kwa Avalon Hill wakaelewana kuhusu jina, na ndani ya sanduku likatiwa tangazo la mchezo wa mezani. Mambo yakaonekana yamekwisha. Mchezo ukauzwa sana, ukazaa Civilization II mwaka 1996, na mwaka huohuo Meier, Jeff Briggs na Brian Reynolds, aliyebuni toleo hilo la pili, wakaondoka MicroProse kwenda kuanzisha Firaxis huko Maryland. Wakaondoka na ujuzi wao. Jina likabaki nyuma.

Mwishoni mwa 1997 Avalon Hill na Activision wakaishitaki MicroProse wakidai jina ni la Avalon Hill, nayo ilikuwa imekwisha kuwapa Activision leseni ya kulitumia. MicroProse haikujibu kwa hoja za mahakamani peke yake. Ilikwenda Uingereza ikainunua Hartland Trefoil yenyewe, chimbuko la jina, kisha ikarudi na madai yake. Kufikia Julai 1998 wakapatana: MicroProse ikawa mmiliki wa jina, upande wa pili ukatakiwa kulipa dola 411,000, na Activision ikapewa leseni ya kutoa mchezo wake. Ndiyo sababu mwaka uliofuata kulikuwa na Civilization mbili za kampuni mbili. Activision ilipotoa mwendelezo mwaka 2000, neno Civilization lilikuwa limeng'olewa kwenye jalada, ukaitwa Call to Power II, kana kwamba mtoto amebaki na jina la babu tu.

Sasa tuwatazame Firaxis, maana walifanya jambo la busara kubwa ambalo kila anayetafuta jina la mchezo wa angani angefaa kulichunguza kwa makini. Katika Civilization ya awali mchezaji huweza kushinda kwa kujenga chombo cha angani na kukifikisha Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na Jua letu, umbali wa zaidi kidogo ya miaka minne ya mwanga. Mchezo ulikuwa ukiishia hapo. Reynolds na wenzake wakaanzia hapohapo. Chombo kiitwacho Unity kinafika, uongozi wake unavunjika njiani, na abiria wanagawanyika makundi saba yanayogombea sayari moja ngeni, kila kundi likishika itikadi yake.

Tazama kazi ambayo jina Alpha Centauri limefanya. Asiyewahi kucheza anajua mara moja kwamba hapa ni angani, tena mahali halisi mbinguni panapotajwa katika vitabu vya shule. Aliyecheza Civilization anaelewa, bila kuambiwa, kwamba hii ndiyo sura inayofuata. Ule undugu waliokatazwa kuuandika kwenye jalada ukasomwa na kila aliyehusika, na hakuna mwanasheria ambaye angeweza kuwaburuta mahakamani kwa kutaja nyota. Wengine katika hali yao wangechukua neno linalokaribia Civilization, wakabadilisha herufi mbili, wakaomba Mungu wasionekane.

Mbele ya jina hilo palikuwa na maneno mengine mawili: Sid Meier's. Desturi hiyo ilianza na Sid Meier's Pirates! mwaka 1987. Bill Stealey, aliyeanzisha MicroProse pamoja naye, amesimulia kwamba mchekeshaji Robin Williams ndiye aliyemwambia katika dhifa moja kwamba jina la Meier linastahili kuwekwa kwenye masanduku ili aonekane kama nyota wa filamu. Pengine wakati ule ilionekana ni mbinu ya kuuza tu. Miaka tisa baadaye, mwenyewe alipoondoka, ndilo jina pekee aliloweza kutoka nalo mlangoni.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Alpha Centauri ulisifiwa mno, ukapata nyongeza yake, Alien Crossfire, mwaka huohuo wa 1999, na hadi leo wapo wanaouhesabu kuwa mchezo bora wa mikakati ya angani uliowahi kutengenezwa. Lakini mchapishaji wake alikuwa Electronic Arts, na haki za jina zilibaki kwake. Civilization, kwa kupitia mikono ya Hasbro na Infogrames, ilirudi hatimaye upande wa Firaxis: kampuni ya Take-Two ilinunua haki zake kwa zaidi ya dola milioni 22, kisha mwaka 2005 ikainunua Firaxis yenyewe. Alpha Centauri haikurudi. Mwaka 2014 Firaxis ilipotaka tena kuwapeleka wachezaji kwenye sayari ngeni, ilibidi mchezo uitwe Civilization: Beyond Earth. Kampuni ileile iliyolazimika kutumia nyota kwa sababu haikuwa na Civilization, sasa ilitumia Civilization kwa sababu haikuwa na nyota.

Siwalaumu. Mchapishaji ndiye aliyetoa fedha, na kampuni changa yenye mishahara ya kulipa haiwezi kukataa kila sharti. Ninachoumia nacho ni kwamba Alpha Centauri limelala kabatini. Mwenye jina hana timu iliyoujenga mchezo ule, na timu haina jina. Wapenzi wake wamezeeka wakisubiri.

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo vijana wengi huvichanganya, na gharama ya kuvichanganya ni kubwa. Hakimiliki hulinda kazi yenyewe: michoro, muziki, maandishi, msimbo wa programu, wahusika waliobuniwa. Inaanza pale kazi inapowekwa katika umbo, hata kabla ya kuandikishwa popote. Alama ya biashara ni kitu kingine. Hiyo hulinda jina na nembo ambazo mnunuzi anatumia kukutambua sokoni, na kwa kawaida nguvu yake hutokana na kuandikishwa, nchi kwa nchi, kwa aina mahususi ya bidhaa. Kwa hiyo inawezekana kabisa wewe ukawa mwenye kila kilichomo ndani ya mchezo, na mtu mwingine akawa mwenye maneno mawili yaliyo juu ya jalada. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari ni mbili.

Hakuna walioonja uchungu wa daftari mbili kuliko Paul Reiche III na Fred Ford, wabunifu wa mchezo wa Star Control. Mwaka 1988 Reiche aliweka mkataba na mchapishaji Accolade. Mwaka 1990 ukatoka Star Control: nusu yake ramani ya nyota ambamo mchezaji anajenga makoloni, migodi na ngome, nusu yake mapambano ya chombo kwa chombo. Mwaka 1992 ukafuata Star Control II, na huo ndio ulioteka mioyo. Viumbe wake wa angani wana tabia, woga, dini na ucheshi. Ukizungumza nao unasahau kwamba ni picha chache na maandishi kwenye kioo. Kwa mpango wa mkataba, viumbe hao na dunia yao vilikuwa vya waliovibuni. Jina Star Control lilikuwa la Accolade.

Wakati pande mbili zikipendana hakuna aliyeona ufa. Ulianza kuonekana Accolade ilipotaka toleo la tatu, lililotoka mwaka 1996, bila waasisi. Ilimpa kazi mtengenezaji mwingine, Legend Entertainment, na ikabidi ichukue leseni kwa Reiche ili viumbe walewale waingie. Mwenye jina hakuweza kwenda bila mwenye wahusika. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya upande wa pili. Mwaka 2002 Reiche na Ford waliamua kuwapa watu bure msimbo wa toleo moja la Star Control II, wapenzi wakalihuisha kwa kompyuta za kisasa. Waliobuni kila kitu hawakuweza kuliita Star Control. Likaitwa The Ur-Quan Masters, maneno yaliyokuwa jina dogo la mchezo ule wa 1992.

Accolade ilikwisha kumezwa na Infogrames, ambayo baadaye ikajiita Atari. Mwaka 2013 Atari ya Marekani ikaomba ulinzi wa kufilisika, mali zake zikapigwa mnada, na jina Star Control likanunuliwa na Stardock, kampuni ya Michigan inayojulikana kwa mchezo wake wa mikakati ya angani, Galactic Civilizations. Bei ilikuwa takriban dola 300,000. Mkuu wa Stardock, Brad Wardell, alikuwa mpenzi wa mchezo ule tangu ujana wake, na aliwaandikia waasisi akitaka washirikiane. Wao walikuwa wameajiriwa chini ya Activision wakitengeneza Skylanders, wakasema hawana nafasi. Kila upande ulidhani umeeleweka.

Oktoba 2017 Reiche na Ford wakatangaza kwamba wanarudi na mwendelezo wa kweli wa Star Control II, utakaoitwa Ghosts of the Precursors. Kutaja jina la zamani ndiko kulikowasha moto. Desemba Stardock ikafungua kesi. Februari 2018 wakajibu kwa kesi yao. Stardock ikaenda mbali zaidi, ikaomba kuandikishiwa hata majina ya viumbe wa mchezo wa zamani kuwa alama zake za biashara. Waasisi, watu wawili tu, wakaanzisha mfuko wa kuchangisha gharama za kesi, lengo likiwa dola milioni 2. Milioni mbili za kulipia mawakili! Fedha hizo zingejenga mchezo mzima.

Stardock nayo haikupona. Ilitoa Star Control: Origins Septemba 2018 huku ugomvi ukiendelea, kisha ikaiomba mahakama iwazuie waasisi wasidai mchezo uondolewe madukani. Jaji alikataa. Alisema, kwa maana, kwamba hatari inayolalamikiwa ni ya kujitakia, kwa kuwa kampuni iliendelea ikijua wazi kuna mgogoro. Mwanzoni mwa Januari 2019 mchezo uliogharimu miaka ya kazi ukatolewa kwa muda kwenye duka la Steam. Ebu fikiria hali ya mchora picha au mtunga muziki wa timu ile, mtu asiyemiliki jina wala wahusika, anayeamka siku za mwaka mpya akakuta kazi yake haipo sokoni.

Juni 2019 wakapatana, na nafurahi kusema walipatana kiungwana. Wardell na Reiche waligundua kwamba wote wawili wanapenda mambo ya nyuki, na sulhu ikaja na kubadilishana asali kwa pombe ya asali. Stardock ikabaki na Star Control. Reiche na Ford wakabaki na hadithi yao, lakini bila jina lile, na hata Ghosts of the Precursors likaachwa. Mwaka 2024 walipoomba michango ya wapenzi Kickstarter, mchezo ulikuwa na jina jipya kabisa: Free Stars: Children of Infinity. Tangu Star Control II ilikuwa imepita miaka 32. Mchezaji aliyekuwa mtoto wakati ule ilibidi aelezwe upya kwamba hawa ndio wale.

Kuna njia nyingine ya kutoka katika mtego huu, nayo ni ya bahati. Wakongwe wa Homeworld, mchezo wa mikakati ya angani uliotoka Relic ya Vancouver mwaka 1999, walianzisha Blackbird Interactive wakawa wanajenga mchezo walioupa jina Hardware: Shipbreakers. Jina Homeworld lilikuwa la THQ. THQ ilipofilisika, kampuni ya Gearbox ikalinunua mwaka 2013 kwa dola milioni 1.35, na mwaka huohuo ikakubali walewale walioliheshimisha walitumie. Mwaka 2016 mchezo wao ukatoka ukiitwa Homeworld: Deserts of Kharak. Nasema bahati kwa sababu mnadani mnunuzi angeweza kuwa mtu yeyote.

Na usidhani kwamba neno la kawaida litakukinga. Hello Games ya Uingereza, kampuni ndogo iliyotengeneza No Man's Sky, ilivutana kwa miaka mitatu na kampuni ya televisheni ya Sky kwa sababu ya neno moja ambalo kila mtoto analijua, na ni Juni 2016 tu, wiki chache kabla ya mchezo kutoka, ndipo wakaruhusiwa kuendelea nalo. Neno la kawaida lina hasara mbili: yupo mkubwa aliyekwisha kulishika, na hata asipokuwepo, msajili atasita kukupa wewe peke yako. Nyota, anga, dola, vita, sayari: yakisimama peke yake hayakulindi. Jina lililobuniwa, au maneno mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja, yana nguvu zaidi kisheria na hutafutika kwa urahisi zaidi pia.

Kwetu kazi ya kuandikisha si ya kutisha. Ofisi ya alama za biashara kwa Kenya ni KIPI, kwa Tanzania Bara ni BRELA, kwa Zanzibar ni BPRA. Zingatieni hili la mwisho, kwa maana wengi huteleza hapo: usajili wa Bara hauvuki bahari kwenda Zanzibar, na wa Zanzibar hauji Bara. Programu za kompyuta ziko katika daraja la 9 la mgawanyo wa kimataifa wa bidhaa, na huduma za burudani katika daraja la 41. Mchezo unaouzwa na pia kuchezwa mtandaoni unagusa yote mawili. Usajili wa Kenya hudumu miaka 10, wa Tanzania Bara miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Kabla ya kulipa ada yoyote, fanyeni upekuzi wa majina yaliyoandikishwa, kisha pekueni maduka ya Steam, Google Play na App Store, maana mshitaki wenu anaweza kuwa Ulaya hata kama hamjawahi kufika huko. Na hakimiliki ya mchezo ina ofisi zake nyingine: KECOBO kwa Kenya, COSOTA kwa Tanzania Bara. Daftari mbili, ofisi mbili.

Muhimu kuliko ada hizo ni nani ataandikwa kama mwombaji. Marafiki wanne wanaokutana sebuleni kwa mmoja wao mara nyingi humwachia mwenye simu nzuri au kadi ya benki ajaze fomu. Akijaza kwa jina lake, mbele ya sheria jina la mchezo ni lake, hata kama aliyelibuni ni mwingine. Anzisheni kampuni au ubia ulioandikwa, jina liwe la chombo hicho, na katiba yake iseme nini kitatokea mmoja akijitoa au akifariki. Kuliandika hilo mapema hakuvunji urafiki; kutoliandika kumevunja wengi.

Na siku mchapishaji akija na fedha, someni kifungu cha jina kabla ya kifungu cha malipo. Jitahidini jina libaki lenu, yeye apewe leseni yenye mwisho. Akishikilia kwamba lazima liwe lake, basi mkataba utaje lini litarudi: mirabaha ikisimama kwa kipindi fulani, mchezo ukiacha kuuzwa, miaka kadhaa ikipita bila mwendelezo, au kampuni yake ikifilisika. Hilo la kufilisika mlipeleke kwa wakili, maana sheria za nchi nyingine hazikubali kila kilichoandikwa humo, na hapo ndipo Star Control na Homeworld zilipopita kwenda kwa wageni. Mwombeni pia haki ya kununua kwanza, ili jina lisipelekwe mnadani kabla nyinyi hamjaulizwa, na bei au namna ya kuipata bei iandikwe palepale, wakati mchezo bado hauna umaarufu na jina bado ni rahisi.